Happy Amtafutia Mama Kazi ya Kukaa

Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Happy ilikuwa kuwasha jiko. Alilitoa uani, akapanga magunzi matatu chini na mkaa juu, kisha akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Mwezi wa saba Iringa hauna mzaha, wajukuu zangu. Maji ya ndoo yanauma meno kabla hujayanywa, na ukisema neno mdomo unatoa moshi kama bomba la lori. Happy alikuwa na miaka kumi na miwili, Darasa la Sita, na alishajua kuchemsha chai huku anavaa soksi, na kumwamsha mama yake bila kumshtua.

Kumshtua mama lilikuwa jambo la hatari. Mama Happy, ambaye jina lake ni Juliana, alikuwa na chuma mguuni. Mwezi wa nne pikipiki ilimgonga akivuka barabara pale Kihesa wanakoishi, mfupa wa paja ukavunjika. Kabla ya hapo alikuwa mpishi kwenye kantini ya chuo, akisimama toka alfajiri hadi jioni kusonga ugali wa watu mia mbili. Daktari alimwambia, "Mama, mguu utapona. Lakini mwaka huu wote sahau kazi ya kusimama." Kantini haikuweza kumsubiri mwaka mzima. Wakachukua mpishi mwingine. Baba yake Happy, marehemu Kasian, alifariki Happy akiwa chekechea. Kwa hiyo katika vile vyumba viwili walikuwa watu wawili tu, na mmoja wao anatembelea magongo.

Asubuhi moja, chai bado ya moto, simu ililia. Alikuwa Mjomba Mika, mdogo wake mama, anayefanya biashara ya viazi kule Mbalizi, Mbeya. Mama aliweka spika kwa sababu mkono mwingine ulishika kikombe.

"Dada, nimeshafikiri," alisema Mjomba. "Huwezi kuishi kwa kuazima chumvi. Jumapili ya mwisho wa mwezi gari langu litapita Iringa likirudi. Vitu vyako tutavipeleka Kilolo, ukae kwa mama mpaka upone. Happy nitaondoka naye, atasoma huku Mbalizi."

"Mika, mtoto ana shule yake hapa."

"Na huku kuna shule, dada. Au unadhani Mbalizi tunafundisha mbuzi?"

Mama alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi nikipata kazi?"

"Kazi gani na mguu huo?"

"Ya kukaa. Ya kufanyia hapa hapa nyumbani."

Mjomba Mika alilegeza sauti. Si mtu mbaya yule, anampenda dada yake. "Ukiipata, na iwe ya kweli, nitapita nikusalimie tu, niende zangu. Lakini hizo kazi za nyumbani za kwenye simu, dada, wengi wamelia."

Happy alisikia yote. Alikunywa chai yake bila kuisikia ladha. Alimwangalia mama, akaangalia magongo yaliyoegemea ukuta, akasema moyoni: sitaenda Mbalizi, na mama hataenda Kilolo. Nitamtafutia kazi ya kukaa.

Njiani kwenda shule alimweleza Vitus, mtoto wa nyumba ya pili. Vitus alikuwa na mdomo usiochoka.

"Kazi ya kukaa?" Vitus akacheka. "Kazi ya kukaa ni ya mwalimu mkuu peke yake! Haya, kitendawili."

"Tega."

"Tumekaa watatu, hatuinuki, na nyumba nzima inakula kwetu."

"Mafiga!" alijibu Happy upesi.

"Umepata. Basi mama yako akawe figa."

"Wewe cheka tu," alisema Happy. "Mimi nitaipata."

Siku hiyo hiyo alianza kuuliza. Alimuuliza mwalimu wa Hisabati, alimuuliza muuza maandazi, alimuuliza fundi redio. Wote walimhurumia, na kwa kweli huruma haikuwa kazi. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanza.

Ndipo jioni moja ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama. Happy aliusoma kwa sauti:

"HONGERA! Kampuni ya kalamu inatafuta wafungaji hamsini wa kufanyia kazi nyumbani. Elimu haihitajiki. Kalamu na maboksi tunakuletea mlangoni. Malipo laki tatu kila wiki. Zimebaki nafasi tatu! Tuma elfu ishirini ya fomu sasa hivi."

Sasa wajukuu, hebu na mimi niwatege. Kitendawili: mwenyeji wangu amenialika karamuni, nimefika mlangoni ananiambia nimpe kuku wangu kwanza ndipo niingie. Fikirieni wakati naendelea.

Happy aliruka juu. "Mama! Ndiyo hii! Kufunga kalamu ni kazi ya kukaa kabisa!"

Mama aliuchukua ule ujumbe akausoma mwenyewe, polepole. "Elfu ishirini ndiyo ile ya kurudi kliniki, Happy."

"Lakini utapata laki tatu kwa wiki! Kliniki utaenda mara kumi. Mama, zimebaki nafasi tatu, watawahi wengine. Tuma, mama. Tafadhali tuma."

Mama alihema. Wote wawili walikuwa wamechoka kutafuta, na mtu aliyechoka ni rahisi kuamini. Akatoa noti mbili za elfu kumi chini ya mto, akampa Happy. "Nenda kwa Tadeo atume."

Tadeo alikuwa wakala wa kutuma pesa, kibanda chake kiko kona ya barabara. Ni kijana mpole, kofia ya sufu haitoki kichwani kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama pale wakipiga soga.

"Kamwene, Happy. Mama anaendeleaje?"

"Kamwene, kaka. Anaendelea vizuri. Naomba utume elfu ishirini kwenye namba hii. Haraka, nafasi zinaisha."

Tadeo aliichukua simu ya mama, akausoma ujumbe, akavua kofia akajikuna. "Mdogo wangu, pesa ikishatoka hapa mimi siwezi kuirudisha. Umewahi kuongea na huyu mtu?"

"Hapana."

"Basi mpigie. Muulize ofisi iko wapi, mama yako akaione. Kama ni watu wa kweli watakuelekeza, si ndiyo?"

Happy aliona Tadeo anamchelewesha, lakini alipiga. Akaweka spika.

"Haloo, dada yangu!" Sauti ya mwanaume ilikuwa laini kama siagi. "Umeshatuma?"

"Mimi siye, ni mtoto wake. Nauliza, ofisi yenu iko wapi?"

"Sisi tuko nchi nzima. Wewe uko mkoa gani?"

"Iringa."

"Aaah, Iringa! Tuna ofisi kubwa sana hapo. Ipo mkabala na stesheni ya treni."

Waliokuwa kibandani walitazamana. Mama mmoja aliyebeba fungu la mboga alianza kutikisika mabega kwa kicheko. Tadeo akainamia simu. "Kaka, samahani, hiyo treni ya Iringa inapita saa ngapi? Maana mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kuiona."

Simu ikakatika.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika viuno, kwa kuwa Iringa mjini hakuna reli hata ya kuchezea watoto. Happy hakucheka. Masikio yalimwaka moto. Alizikunja zile noti mbili ndani ya kiganja akarudi nyumbani akikimbia, akamweleza mama kila kitu, akaomba radhi kwa kumlazimisha atume.

"Kidogo niitupe pesa yako ya kliniki, mama."

"Tulikuwa wawili," alisema mama. "Mimi ndiye niliyeitoa chini ya mto. Kaa hapa. Tufikiri vizuri: yule mtu alituuliza nini kuhusu mimi?"

Happy alifikiri. "Hakuuliza kitu."

"Hakuuliza jina langu. Hakuuliza kama nina mikono miwili au mmoja. Alitaka pesa tu. Mimi kantini nilipoajiriwa walinipikisha kwanza, wakaonja. Anayetaka kazi yako ataiangalia kazi yako." Mama akampapasa kichwa. "Kesho tunaendelea kutafuta. Hatujafa."

Wajukuu mliosema kitendawili changu ni mtego, mmepata.

Siku mbili baadaye, wakati wa mapumziko, Happy alinyoosha mkono kudaka mpira, na sweta lake likafumuka kwapani.

"Sweta lako linacheka!" Vitus akapiga kelele. "Tazameni, limeonyesha meno!"

Wenzake walicheka. Happy alilivua kuangalia uharibifu, akaligeuza ndani nje. Hapo akaona jambo ambalo hajawahi kulitazama. Sweta halikufumwa lote kwa pamoja. Kulikuwa na kipande cha mgongo, cha kifua, mikono miwili na ukosi, na vyote vimeungwa kwa uzi, mshono mdogo mdogo wa sindano ya mkono.

"Vitus," alisema, "hii mishono anashona nani?"

"Mashine."

"Mashine haifungi fundo namna hii. Huyu ni mtu. Na amekaa."

Vitus alilisogeza lile fundo karibu na macho, akalitazama.

Jumamosi Happy aliaga nyumbani, wakatembea yeye na Vitus mpaka mjini, kwenye duka la sare ambako sweta lile lilinunuliwa. Mwenye duka alikuwa Bi Fatema, mama wa Kihindi aliyezaliwa Iringa na kuzeekea Iringa, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nyuma ya duka mwanawe Mujtaba alikuwa anaendesha mashine za kufuma, zinalia kwa-cha, kwa-cha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sweta limechanika, nimeliona toka mlangoni. Lete."

"Si sweta, bibi. Natafuta kazi."

Bi Fatema alivaa miwani. "Wewe? Wewe kazi yako ni shule. Mimi sipi mtoto kazi, hata ulie."

"Si yangu, ni ya mama. Hawezi kusimama, lakini mikono yake ni mizima. Anashona vizuri, hata mashuka yetu ametarizi mwenyewe. Nani anaunga haya masweta?"

Bi Fatema aliwatazama wote wawili. "Wapo akina mama. Wanachukua vipande hapa, wanaunga kwao, wanarudisha. Shule zinafunguliwa mwezi wa kwanza na mimi nimepungukiwa wawili. Mlete mama yako Jumatatu, aje na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nataka kujua ni nani na anakaa wapi."

"Na ada ni kiasi gani?" Happy aliuliza.

"Ada ya nini tena?"

"Ya fomu."

"Mtoto huyu!" Bi Fatema aligeuka kumwita mwanawe. "Mujtaba, njoo usikie! Mtu anifanyie kazi halafu anilipe mimi!" Kule nyuma mashine zilinyamaza kidogo, kikasikika kicheko, kisha zikaendelea.

Jumatatu mama alikwenda kwa bajaji, magongo yametokeza nje. Pale dukani alimkuta mwanamke anarudisha furushi la masweta, akamuuliza pembeni kama analipwa kweli. "Mwaka wa nne huu, dada," alijibu yule mwanamke. "Analipa siku unayoleta. Ila ana jicho, usimletee mshono wa kulala, uliolegea." Bi Fatema alisoma barua ya mwenyekiti, akampa mama sindano nene na mabaki ya uzi, akamwambia aunge mkono mmoja wa sweta hapo hapo mbele yake. Mama aliunga. Bi Fatema alivuta ule mshono huku na huku, akakubali kwa kichwa.

"Chukua vipande vya masweta sita vya majaribio. Nivione Alhamisi. Vikiwa sawa, nakupa vya masweta ishirini na manne kila wiki. Visipokuwa sawa, tunaagana vizuri."

Ilikuwa wiki ya mwisho ya mwezi. Jumapili Mjomba Mika angefika.

Mama alishona kwa juhudi ambayo Happy hakuwahi kuiona. Aliketi kitandani, mto chini ya mguu, vipande vya rangi ya bluu vimemzunguka. Lakini Jumatano baridi iliingia kupitia chini ya mlango, na kile chuma mguuni kikaanza kumuuma mpaka akawa anauma midomo. Happy aliona. Aliporudi kutoka shule hakuuliza mtu. Aliingiza jiko ndani, akafunga mlango ili joto lisitoke, na kwa kuwa jiko lilikuwa linawaka akakaanga na dagaa wa jioni hapo hapo, hatua mbili kutoka kitandani.

"Fungua mlango kidogo, mwanangu, kichwa kinaniuma," alisema mama baadaye. Happy akafungua. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Alhamisi baada ya masomo alibeba furushi mpaka dukani, Vitus akimsindikiza. Bi Fatema alilitandika sweta la kwanza juu ya kaunta. Aligeuza, akavuta mshono wa bega, akavuta wa kwapa. "Safi," alisema. Sweta la pili, safi. Kisha akasita, akalipeleka sweta puani. Akachukua lingine, akanusa. Yote sita akayanusa.

"Haya masweta," alisema, "yamekula dagaa?"

Happy alichukua moja, akanusa mwenyewe.

"Mshono mzuri kabisa. Lakini nitamuuzia mzazi gani nguo mpya yenye moshi na harufu ya jikoni? Hii imeingiaje?"

Vitus alimpiga Happy kiwiko, akamnong'oneza, "Sema ni moshi wa jirani."

Lingekuwa jambo rahisi kusema. Jirani yao kweli ana moshi. Happy aliangalia yale masweta, akamfikiria mama alivyoyashona akiuma midomo, na Jumapili inakuja. Akijibu vibaya, gari la Mjomba litajaa. Lakini alifikiria pia yule mtu wa stesheni ya treni, na sauti yake laini kama siagi. Hakutaka sauti yake mwenyewe ifanane na ile.

"Ni mimi, bibi," alisema. "Mama hakukosea. Mguu ulimuuma kwa baridi, nikaingiza jiko ndani na kufunga mlango. Nikakaanga dagaa karibu na masweta."

Bi Fatema alivua miwani. "Ulifunga mlango na mkaa unawaka ndani?"

"Ndiyo. Mama kichwa kikamuuma."

"Sikiliza, mtoto, masweta tuyaache kwanza. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu. Wanalala, hawaamki. Hicho kichwa kilikuwa kinakuonya. Usirudie tena, umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi." Machozi yalikuwa karibu.

"Haya. Sasa masweta." Bi Fatema aliyakunja moja moja. "Nina miaka thelathini katika duka hili. Kila anayeniletea nguo ya moshi huniambia ni moshi wa jirani. Moshi wa jirani mimi nitaufanya nini? Siwezi kwenda kumzimia jirani jiko lake. Lakini wa kwako unaweza kuuondoa, kwa sababu umesema ni wako. Usiyafue, yatavutika, tena kwa baridi hii hayatakauka. Yaning'inize kwenye upepo na jua, ndani nje. Yarudishe Jumamosi saa sita. Nitanusa tena."

Walikuwa wamekaribia Kihesa Vitus aliposimama. "Mimi ningesema jirani," alikiri.

"Najua," alisema Happy. "Njoo unisaidie kufunga kamba."

Sasa hapo palihitaji akili. Kihesa jioni kila nyumba inawasha jiko, kwa hiyo masweta hayawezi kukaa nje jioni. Asubuhi ndiyo upepo mzuri, lakini asubuhi Happy yuko shule, na kamba ya nguo iko juu, mama hawezi kuifikia akiwa na magongo. Happy na Vitus walifunga kamba mpya upande wa mbele wa nyumba, kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi mti wa parachichi, chini kabisa, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Wakaweka stuli hapo. Ijumaa mama aliketi juani akiyageuza masweta, upande huu, upande ule, na kabla jirani wa kwanza hajawasha moto wa jioni alikuwa ameshayaingiza ndani na kuyafunika kwa shuka safi.

Jiko nalo lilihamia kwenye kona ya uani, likawekewa bati la kuzuia upepo, na halikuingia ndani tena. Kwa ajili ya mguu, Happy alijaza maji ya moto kwenye chupa mbili, akazifunga kwa kitenge, akaziweka pembeni ya paja la mama.

"Afadhali," alisema mama, akishusha pumzi. "Hizi hazikaangi dagaa."

Jumamosi asubuhi waliyaning'iniza tena, kisha wakamwita Vitus anuse, kwa sababu Vitus ana pua inayojua nyumba ya tatu wamepika nini. Alifumba macho akanusa la kwanza mpaka la tano bila kusema kitu. La sita akakunja uso. "Hili bado kidogo, kwenye ukosi."

"Una uhakika?"

"Nahisi dagaa mmoja."

Mama alicheka, lakini Happy aliliacha lile la sita kwenye kamba mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuondoka, akilipunga kwa mikono kama mtu anayepepea moto.

Saa sita kamili Bi Fatema aliyapokea. Alinusa moja baada ya jingine, bila haraka, hata mteja aliyekuwa anasubiri soksi akaanza kugonga kaunta. La sita alilinusa mara mbili.

"Hili nitaliacha dirishani mpaka jioni," alisema Bi Fatema. "Mengine sawa." Akafungua daftari, akaandika: Juliana, Kihesa. Akahesabu malipo ya masweta sita, akayaweka kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye namba yake ya simu, kisha Mujtaba akaleta furushi kubwa lililofungwa kwa kamba ya katani. "Vya masweta ishirini na manne. Jumamosi ijayo. Msalimie mama, mwambie mkono wake nimeupenda."

Happy na Vitus walilibeba furushi lile kwa zamu, na kwa mara ya kwanza mwezi ule Happy hakuisikia baridi.

Jumapili baada ya ibada gari la Mjomba Mika lilisimama nje. Mjomba alishuka, mrefu, koti la ngozi, akiwa na kamba za kufungia mizigo mkononi. Alimkuta dada yake ameketi juani mbele ya nyumba, miguu kwenye stuli, sindano inapanda na kushuka.

"Shikamoo, mjomba," alisema Happy.

"Marahaba. Umeshafunga mizigo?"

"Hapana."

Mjomba alizitazama nguo za bluu. "Dada, nilikuambia kuhusu hizi kazi za nyumbani. Umelipia kiasi gani?"

"Muulize mpwa wako," alisema mama bila kuinua macho. "Yeye ndiye mtaalamu."

Mjomba Mika alimgeukia Happy kama hakimu. "Nani anatoa kazi hii?"

"Bi Fatema, mwenye duka la sare mjini. Mama amefika, amemwona, ameona na mashine."

"Mlilipa?"

"Hapana. Yeye ndiye ametulipa. Bahasha ile pale."

"Mkiharibu?"

"Tuliharibu," alisema Happy. Akamweleza habari ya jiko na dagaa, bila kuruka hata sehemu inayomwaibisha. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Kisha alichukua sweta moja lililokwisha, akalivuta kwapani kwa mikono yake mikubwa ya kubeba magunia. Mshono haukutoa hata sauti.

Alikaa chini, kwenye kizingiti. "Mimi nilidhani nakuja kuokoa watu," alisema. "Kumbe nimekuja kula chakula cha mchana."

"Kipo," alisema mama. Aliweka sindano chini, na sauti yake ikawa ile ya kuongea na mtoto jambo la kukumbukwa. "Happy, nataka ulisikie hili mbele ya mjomba wako. Kazi ya kweli hata ikiwa ya kufanyia nyumbani ina mtu unayemjua, ina mahali unapoweza kwenda, na kabla ya kupewa wataipima mikono yako. Anayetaka pesa yako kwanza hataki mikono yako. Na ukishaipata, inalindwa kwa kusema ukweli. Siku ile ungesema ni moshi wa jirani, leo vyombo vyetu vingekuwa ndani ya gari hilo. Wewe na mimi tumekaa hapa kwa sababu ulisema 'ni mimi'."

"Sikia mama yako," alisema Mjomba Mika. Alisimama, akazitupa zile kamba ndani ya gari, akarudi na gunia la viazi begani. "Hivi ndivyo vitakavyobaki Kihesa. Mimi narudi Mbalizi peke yangu. Ndaga," alisema, shukrani ya Kinyakyusa aliyoizoea huko Mbalizi, na mama akamjibu kwa Kihehe, wakacheka wote.

Kesho yake, Jumatatu, mwalimu wa darasa alifungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita majina. Watoto walikuwa wamejikunyata kwa baridi, wanaitika kwa sauti za kukwaruza.

"Happy Kasian."

"Nipo, mwalimu!" alijibu Happy, kwa sauti kubwa kuliko wote.